Tamathali si orodha ya kukaririwa

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wahenga, nasi hatuna ubishi nao. Hata hivyo, yako macho ambayo yamefunzwa kwa muda mrefu kutazama orodha hata yakasahau kuitazama picha yenyewe. Nachelea kwamba macho hayo ni ya wengi miongoni mwa wanafunzi wetu wa fasihi, na kwamba sisi walimu ndio tuliowafunza hivyo. Leo nataka kulizungumzia jambo hili kwa kuanza na ungamo langu mwenyewe, maana amnyoosheaye mwenziwe kidole kimoja hujinyooshea vitatu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha kidato cha tatu, niliwasimulia wanafunzi wangu kwa Kiswahili hadithi fupi ya Ray Bradbury. Huyu ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2012, naye alijipatia sifa kubwa katika hadithi za kubuni za kisayansi, yaani zile zinazosimulia juu ya mitambo, sayari za mbali na nyakati zijazo. Hadithi yenyewe ilichapishwa mwaka 1950 katika jarida la Collier's, na mwaka uo huo ikaingizwa katika kitabu chake The Martian Chronicles. Anwani yake, There Will Come Soft Rains, aliiazima kutoka kwa shairi la Sara Teasdale, mshairi wa nchi hiyo hiyo, lililotolewa mwaka 1918 wakati Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa bado vinateketeza watu.

Nilipokwisha kusimulia, niliwapa zoezi ambalo kila aliyepitia shule zetu analijua: taja mbinu mbili za kifani zilizotumika katika hadithi hii, na uzieleze. Wengi waliandika, "Tashihisi: nyumba inazungumza." Nikawapa alama zao. Msichana mmoja, ambaye hakuwa katika wale wanaoinua mkono kila mara, aliandika hivi: "Nyumba inazungumza kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kuzungumza. Ingenyamaza, hadithi ingekuwa ni maiti tu." Hakutaja neno tashihisi wala istilahi nyingine yoyote. Nikampa sifuri.

Alinijia baada ya kipindi, daftari mkononi. "Mwalimu," akaniuliza kwa adabu, "kama ningelijua lile neno, ningeielewa hadithi zaidi ya hivi?" Nikamjibu kwamba mtihani una kanuni zake. Jibu hilo lilinitosha mchana ule. Tangu hapo halijanitosha tena.

Ili msomaji apate kuamua baina yangu na msichana huyo, hana budi kwanza aijue hadithi. Ni asubuhi ya tarehe 4 Agosti, mwaka 2026, katika mji wa Allendale, California. Saa yenye sauti inawaamsha wenye nyumba ilipotimu saa moja. Jiko linapika lenyewe: slesi nane za mkate, mayai manane, vipande 16 vya nyama ya nguruwe, vikombe viwili vya kahawa na bilauri mbili za maziwa baridi. Sauti nyingine kutoka darini inakumbusha siku ya kuzaliwa ya mtu fulani, na bili za maji, gesi na umeme zinazopaswa kulipwa. Mlango wa banda la gari unafunguka, unangoja, unafungwa. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyeketi mezani. Mayai yanasinyaa, mkate unakauka kama jiwe, kisha vyote vinatupwa na vyombo vinaoshwa. Ni saa nne, jua linapochomoza baada ya mvua, ndipo tunapoambiwa kwamba nyumba hii imesimama peke yake katika mji uliogeuka vifusi na majivu, mji ambao usiku hutoa mwanga wa miale ya atomiki.

Hapo ndipo msomaji anaporudi nyuma na kuhesabu vyombo. Kahawa mbili, maziwa mawili: wakubwa wawili, wadogo wawili. Mwandishi alikuwa amekwisha kutuambia nani aliishi humo, nasi tukadhani anatusomea orodha ya vyakula tu.

Sasa tuitazame hiyo tashihisi. Vitabu vya kiada hutwambia kwamba ni kukipa kitu kisicho na uhai sifa za kiumbe chenye uhai. Fasili hiyo ni sahihi, ila haisemi kwa nini mtu atake kufanya hivyo. Sisi tuliolelewa kwa ngano hatukuihitaji fasili. Sungura alinena, fisi akajibu, mti ukatoa siri, na kila mtoto aliyeketi jikoni kwa bibi alijua kwamba wanaosemwa ni watu. Katika ngano tashihisi huongeza jamaa, na ulimwengu mzima ukajaa wasemaji. Bradbury ameichukua mbinu hiyo hiyo akaipindua. Kwake yeye, kila kitu kinachopata sauti kinatukumbusha sauti ya mtu iliyotoweka. Kadiri nyumba inavyozidi kuwa hai, ndivyo tunavyozidi kutanabahi kwamba wenyewe wamekufa.

Nyumba hiyo ina woga. Inawauliza wapitao nje ni akina nani, na isipopata jibu kutoka kwa mbweha na paka, inafunga madirisha yake. Hata shomoro akiligusa dirisha, pazia hushtuka. Msomaji wa Kiswahili anaujua uzito wa jambo hili kuliko pengine Mmarekani mwenyewe, maana kwetu kuna hodi na kuna karibu. Hodi ni ya mgeni, karibu ni ya mwenyeji. Katika hadithi hii mwenyeji hayupo, mgeni hana lugha, na kuta zenyewe ndizo zinazolazimika kuuliza. Je, kuna namna nyingine ya kuonyesha ukiwa wa mji mzima kwa maneno machache hivyo?

Wenye nyumba tunakutana nao mara moja tu, nao hawana miili. Ukuta wa upande wa magharibi umeungua wote ukawa mweusi, isipokuwa mahali patano. Hapo rangi imebaki kwa sura ya mtu akikata nyasi, mwanamke ameinama kuchuma maua, mvulana ameinua mikono, mpira u hewani, na msichana amenyoosha mikono yake kuudaka mpira ambao hautashuka kamwe. Taswira hiyo haikutoka katika ndoto za mwandishi peke yake. Mnamo tarehe 6 Agosti, 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, nchini Ujapani, ukali wa mwanga na joto uliacha vivuli vya watu juu ya ngazi za mawe na kuta. Hadithi iliandikwa majivu hayo yakiwa na umri wa miaka mitano tu. Hatuelezwi nani alipigana na nani, wala kwa kisa gani. Tunaonyeshwa mpira uliogandishwa hewani, na hilo latosha.

Baada ya taswira huja kinaya, nacho kimejificha ndani ya mbwa. Saa sita mchana mbwa wa nyumba hiyo anarudi. Zamani alikuwa mnene mwenye nguvu. Sasa amekuwa mifupa na madonda. Mlango unaitambua sauti yake na kumfungulia. Lakini nyuma yake wanatoka panya wa mitambo, kazi yao ni usafi, nao wamekasirika kwa sababu ya matope aliyoyaleta sakafuni. Mbwa anapanda ghorofani, anabweka kwenye kila mlango, hata anafahamu kwamba hamna mtu. Anakuja kuukwaruza mlango wa jikoni, na nyuma ya mlango huo jiko linapika chakula kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Hapo anakufa, harufu ya chakula ikiwa puani mwake. Nyumba iliyoyaona matope haikuiona njaa. Panya wanamzoa kama taka nyingine yoyote, na kazi inaendelea.

Hayo yametupeleka kwenye takriri. Saa inaimba, na baada ya muda inaimba tena. Chakula cha asubuhi, usafi, kumwagilia bustani, meza za karata saa nane na dakika 35, maji ya kuoga saa kumi na moja, chakula cha jioni, vitanda kupashwa joto. Mwanafunzi aliyefunzwa kukariri ataandika kwamba takriri hutumiwa kutilia mkazo. Mkazo wa nini? Siku nyingi nyumba imejaza mabafu yasiyoogwa na kuosha sahani zisizoliwa. Usiku ule moto unapozuka, maji ya akiba yanakwisha kabla moto haujazimwa, kwa kuwa yalikuwa yametumika katika utumishi huo usio na anayetumikiwa. Kumbe takriri ile iliyotuchosha kidogo mwanzoni ndiyo iliyokuwa ikiichimbia nyumba kaburi. Mbinu ya lugha imegeuka kuwa chanzo cha tukio. Huwezi kuiondoa ukabakiwa na kisa.

Hata mwanzo wa moto una maana yake. Ilipotimu saa nne za usiku, upepo unavunja tawi la mti, tawi linapasua dirisha la jikoni, na chupa ya dawa ya kusafishia inamwagikia jiko. Nyumba iliyoabudu usafi inateketezwa na dawa ya usafi. Kisha moto nao unapewa uhai: unakuwa na akili, unalala vitandani, unasimama madirishani, unazila picha za Picasso na Matisse. Nyumba kwa upande wake inaonekana na mifupa yake ya mbao na mishipa yake ya nyaya. Vitu viwili visivyo na roho vinapigana vita, na wenye roho hawapo kushuhudia. Vita vile vile vilivyowamaliza binadamu vinarudiwa kati ya vyombo vyao.

Saa moja hivi kabla ya moto, nyumba ilikuwa imemwuliza mama mwenye nyumba, Bi McClellan, angependa asomewe shairi gani jioni hiyo. Asipojibu, nyumba inachagua yenyewe, nalo linatokea kuwa lile la Sara Teasdale alilolipenda. Shairi hilo lasema kwamba mvua na ndege na miti vitaendelea na maisha yake bila kujali kama binadamu amejiangamiza. Onyo hilo linasomwa katika chumba kitupu. Walioonywa wamekwisha kufa. Anayesikiliza ni nani basi? Ni wewe msomaji, uliyeketi katika kiti cha Bi McClellan bila kujua. Nadhani hapa ndipo ulipo moyo wa hadithi, wala sijui istilahi moja inayoweza kuubeba wote.

Asubuhi inapopambazuka umebaki ukuta mmoja, na ndani yake sauti moja inayorudia tarehe: 5 Agosti, 2026, tena na tena, jua likiangaza juu ya vifusi na mvuke. Anayehesabu siku ataona kwamba kesho yake itakuwa tarehe 6, siku ya Hiroshima. Sitadai kwamba mwandishi alikusudia. Nasema tu kwamba hadithi inamwachia msomaji nafasi ya kuhesabu. Tarehe yenyewe katika hadithi za aina hii ni mbinu. Ndiyo maana katika toleo la mwaka 1997 miaka ya kitabu ilisogezwa mbele kwa miaka 31, ili yajayo yaendelee kuwa yajayo, na 2026 ikawa 2057. Kwa msomaji wa mwaka 1950, 2026 ilikuwa mbali kama mwezi. Kwetu sisi ni mwaka wa uhai wetu wenyewe. Mitambo inayosema na kujibu imekwisha kuingia majumbani. Lakini hadithi haikuandikwa ili ibahatishe vyombo vya kesho. Iliandikwa kuuliza kama chombo kinaweza kukutunza wewe uliyeshindwa kujitunza.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na mitambo yao, hayatuhusu. Nawakumbusha kwamba mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya hadithi hii, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka somo la sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande zote sita na malipo mabaya waliyoyapata. Siiti Kusadikika hadithi ya kisayansi, lakini ni ndugu yake wa karibu: zote mbili zinatupeleka mahali pasipokuwapo ili tupaone tulipo. Mwaka 1995 Katama Mkangi alitoa Walenisi, riwaya ya nchi ya mbali ambayo jina lake, ukilitamka polepole, linakiri kwamba wale ni sisi. Mwanafunzi hujibu kwamba hiyo ni mbinu ya majazi na kupata alama yake. Ni wangapi wanaosita kidogo na kujiuliza kwa nini mwandishi alituficha ndani ya jina la ugenini?

Nisieleweke vibaya. Sisemi istilahi zitupwe. Wataalamu wa Kiswahili walitoa jasho kuziunda na kuzisanifu, na lugha isiyo na majina ya vyombo vyake vya kazi ni lugha iliyofungwa mikono. Seremala hana budi ajue ipi ni randa na ipi ni patasi, la sivyo mwanagenzi wake atamletea msumeno. Lakini hatujapata kumwona mtu akiitwa seremala kwa sababu anaweza kuyataja majina ya vyombo vilivyomo sandukuni. Tunataka kuiona meza. Katika mitihani yetu tumezoea kuhesabu vyombo na kuisahau meza. Matokeo yake ni vijana wanaoweza kutaja tamathali kumi kwa pumzi moja, ilhali tangu waondoke shuleni hawajafungua kitabu cha hadithi kwa hiari yao.

Iko njia nyepesi ya kujirekebisha, na haihitaji fedha wala kamati. Kila mwanafunzi anapotaja mbinu, mwalimu amwambie aiondoe, kisha aeleze kilichopotea. Nilijaribu hivyo kwa hadithi hii. Niliondoa tashihisi, kinaya, takriri na taswira, nikabakiwa na sentensi hii: mitambo ya nyumba iliendelea kufanya kazi baada ya watu kufa, hata ilipoungua. Habari zote zimo, na hamna kitu. Hakuna mpira hewani, hakuna mbwa mlangoni, hakuna anayemsomea marehemu shairi. Ndipo nilipofahamu kwamba tamathali hazikuwa mavazi ya hadithi hata zivuliwe na mwili ubaki. Zilikuwa ndio mwili.

Aidha, watunga mitihani wanaweza kutusaidia. Swali linalosema "taja" lizae swali linalosema "kwa nini hapa". Na anayesahihisha apewe idhini ya kumpa alama mwanafunzi aliyeiona kazi ya mbinu hata kama jina lake limemponyoka, maana jina hufundishwa kwa dakika tano, bali kuona hakufundishwi kwa muhula mmoja. Wazazi nao wasidhani kwamba mtoto anayesoma hadithi jioni anapoteza wakati wa masomo. Mara nyingine hayo ndiyo masomo yenyewe.

Kuna jambo kubwa zaidi ya alama hapa. Mtoto anayezoea kutaja bila kusikia shuleni atakuja kuwa mtu mzima anayesikia neno "vita" katika taarifa ya habari, akajua maana yake, na asione mpira hewani. Atasikia idadi ya waliokufa na kuikariri vizuri. Bradbury alijua kwamba idadi haimlizi mtu, ndiyo maana akatupa vikombe viwili vya kahawa na bilauri mbili za maziwa, akatuachia kuhesabu wenyewe.

Msichana yule alimaliza shule akaenda zake, wala sijui aliko. Jibu lake lilikuwa na sentensi mbili, nami leo nimetumia ukurasa mzima kusema lile lile alilolisema. Sifuri niliyompa imekwisha kuingia katika daftari la alama na haifutiki. Lakini madaftari ya wanafunzi wa leo bado yako mezani kwetu, walimu wenzangu, na kalamu nyekundu i mkononi.